Kichuma Chembamba Taya Nene

"Daktari, ndicho hiki tu? Kitashika kweli?" Swali hilo la mgonjwa aliyevunjika taya, akionyeshwa bamba la kuliunga, ni la haki. Bamba la titani lenye unene wa karibu milimita moja na skrubu nne fupi, basi, kwa taya linaloweza kutafuna mifupa! Jibu langu ni kwamba halishiki peke yake. Mfupa nao una kazi yake.

Taya la chini ni wenzo. Kiungo kiko mbele ya sikio, misuli ya kutafuna inavuta juu upande wa nyuma, na tonge linakinza mbele. Taya likivunjika kwenye pembe, nyuma ya magego, kisha mtu akauma kwa meno ya mbele, ufa hufunguka juu na kubanana chini. Huko chini mfupa unaegemea mfupa, hauhitaji msaada. Kinachotakiwa ni kizuizi upande wa juu. Bamba jembamba halipendi kupindwa, lakini kuvutwa hukumudu vizuri.

Ndiyo maana daktari mpasuaji Champy na wenzake wa Strasbourg, Ufaransa, walichora mwaka 1978 mistari ya mahali pa kuweka mabamba madogo. Kwenye pembe linatosha moja. Kidevuni, ambako taya hujisokota, yanawekwa mawili yaliyoachana kwa milimita 4 hadi 5. Skrubu huishia kwenye ganda la nje la mfupa ili zisiguse mizizi ya meno wala neva.

Kinachonikera ni imani kwamba chuma kikiongezwa, usalama nao umeongezeka. Katika vipimo vya maabara, mabamba mawili kwenye pembe hulishinda moja. Lakini wagonjwa wa daktari mpasuaji Edward Ellis kule Marekani waliowekewa moja walipata matatizo machache kuliko waliowekewa mawili. Mimi siushangai mgongano huo. Bamba la pili hudai nyama zaidi ibanduliwe kwenye mfupa, na nyama hiyo ndiyo inayoulisha damu. Tena mwenye taya lililovunjika hana nguvu zake za kawaida za kuuma kwa wiki kadhaa. Maabara hupima kwa nguvu za mtu mwenye afya.

Sisemi bamba nene litupwe. Mfupa uliosagika vipande, uliopungua, au taya jembamba la mzee asiye na meno, hauna cha kuchangia. Hapo chuma kibebe mzigo wote, na skrubu zisipungue tatu kila upande.

Kuna kasoro moja katika hesabu ya Champy nisiyoifumbia macho: ukiuma kwa magego ya upande uleule, karibu na ufa, mambo yanaweza kugeuka, ufa ukafunguka chini. Kwa hiyo nikiletewa ripoti ya majaribio ya bamba jipya sianzi na uimara wake. Naanza kutafuta watafiti walilibonyeza taya wapi, na mara nyingi nakuta ni sehemu moja tu, ile inayolipendelea bamba lao.