Diski ya nje au wingu: nakala za mafaili ya nyumbani zikae wapi?

Fundi wa kompyuta mtaani atakushauri ununue diski ya nje. Kijana anayefanya kazi zake mtandaoni atasema weka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni kupitia intaneti, uachane na mambo ya waya. Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anasahau janga ambalo mwenzake analiogopa.

Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hesabu ya diski ni nyepesi. Mwenye GB 200 za picha na video anazinakili kwa saa moja au mbili, bila kutumia bando. Mzigo huohuo ukiupandisha kwenye wingu kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, utachukua karibu siku 4, usiku na mchana, tena kama umeme haukukatika. Siku kompyuta ikifa, kuushusha ni gharama nyingine. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mwenye nakala kwenye diski aliendelea na kazi yake.

Tatizo ni kwamba diski hukaa palepale ilipo kompyuta. Mwizi akiingia sebuleni anabeba vyote viwili, na moto au mafuriko hayabagui. Wengi pia huiacha imechomekwa muda wote, jambo linalovipa mwanya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia ili viyafungue. Mojawapo, WannaCry, iliyosambaa duniani Mei 2017, ilifunga mafaili ya kompyuta pamoja na yaliyokuwa kwenye diski zilizounganishwa nayo.

Hapo wingu linashinda waziwazi: nyumba ikiungua, picha za harusi bado zipo. Lakini linabeba kosa moja ambalo naona halisemwi vya kutosha. OneDrive na Google Drive, kwa namna watu wengi wanavyozitumia, kazi yake ni kuoanisha mafaili. Mtoto akifuta folda kwenye kompyuta, inafutika na huko juu. Kwenye Google Drive kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha kinaondoka moja kwa moja. Anayegundua baada ya miezi mitatu amechelewa, ingawa alijiona amejikinga.

Kuna pia suala la akaunti yenyewe. Google ina sera ya kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Ukisahau nenosiri, na namba ya simu uliyojisajili nayo ulishaiacha, laini ikafungwa na kugawiwa mtu mwingine, mafaili yapo lakini huna mlango wa kuyafikia. Kwa mzee aliyefunguliwa akaunti na mjukuu, hatari hii naiona kubwa kuliko ya diski kuharibika.

Wapo wanaojibu kwa kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mbali na nyumbani. Ni kanuni nzuri, lakini ukiifuata kwa kila faili inadai fedha ambazo familia nyingi zingezipeleka kwenye ada.

Msimamo wangu ni kuyagawa mafaili yenyewe. Kila kitu kiende kwenye diski, na diski ichomolewe nakala ikishakamilika. Kwenye wingu viende vile tu ambavyo huwezi kuvipata tena: vyeti vilivyoskaniwa, hati ya kiwanja, tasnifu inayoandikwa, picha za marehemu. Hivyo kwa kawaida ni GB chache, na GB 15 za bure za Google zinatosha, alimradi barua pepe hazijazijaza, maana zinachangia nafasi hiyohiyo. Filamu na programu zinapatikana tena, hazina haja ya bando lako.

Asiyetaka hati zake zikae kwenye seva za kampuni ana hoja ya haki, nami siwezi kumlaumu. Huyo anunue diski ya pili, aifunge kwa nenosiri, aiweke kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, na kuisasisha kila anapomtembelea. Vyovyote utakavyochagua, chukua faili moja kutoka kwenye nakala yako ulifungue kwenye kompyuta nyingine kabla hujaitegemea.