Ndege nzito ikipata shida, imwage mafuta au itue hivyo hivyo?

Ndege ikirudi ghafla bila kumwaga mafuta angani ili ipungue uzito watu wanalalamika, ikimwaga wanalalamika pia. Chukua Delta 89, Januari 14, 2020, Boeing 777 imetoka Los Angeles inaenda Shanghai, injini ya kulia ikazingua, ikageuza. Mwongozaji wa ndege aliyeko chini akawauliza marubani kama wanataka kwanza kuzunguka wamwage mafuta, wakasema hapana. Alafu wakati wanashuka kutua wakamwaga, yakawaangukia watoto wa shule ya msingi Park Avenue pale Cudahy, karibu na Los Angeles, macho na ngozi zikaanza kuwawasha.

Wanaowatetea marubani wana hoja. 777-200ER, aina ya hiyo ndege yao, inaweza kuruka na tani kama 297 lakini kikomo cha kutua ni tani 213 hivi, ukitua juu ya hapo unaingia na spidi kubwa, breki zinachemka, tairi zinaisha upepo.

Ila kutua mzito sio kujiua jamani. Miguu ya ndege inaundwa kuhimili kugusa chini kwa futi 10 kwa sekunde ikiwa na uzito wa kutua, na futi 6 ikiwa na uzito wote wa kuruka, ukishatua mafundi wanaikagua basi. Ndege ndogo kama Boeing 737 na Airbus A320 wala hazina mfumo wa kumwaga, maana sheria ya Marekani swali lake kubwa ni je, ikishindwa kutua itaweza kupanda tena na uzito huo, hata injini moja ikiwa imekufa? Ikiweza, hailazimishwi kuwa nao.

Swissair 111 ndo inaumiza. Septemba 1998, moshi kwenye ndege aina ya MD-11, marubani wakageukia upande wa bahari washuke na kumwaga mafuta kabla ya kutua Halifax, Kanada, wakafa wote 229. Wachunguzi wa Kanada walisema hata wangenyoosha moja kwa moja wasingewahi, sawa, lakini rubani aliyeko kwenye moshi hajui hilo, kwangu mimi moshi ni kutua tu.

Delta hawakuwa na moto. Kama muda upo kaa juu, futi 5,000 au 6,000 hivi mafuta mengi yanakuwa mvuke kabla ya kufika chini, kama haupo tua nayo. Wao wakachukua nusu nusu, tena bila kumwambia mwongozaji, ambaye angeweza kuwarudisha juu ya Pasifiki, na pale bahari iko jirani kabisa.