Mwalimu Anayepakua Video za Masomo si Mwizi

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp, mwalimu mmoja aliitwa mwizi. Alichofanya ni kupakua video za mgawanyiko wa seli, akazitia kwenye flashi na kuwaonyesha wanafunzi wa shule ambayo mtandao wake ni wa kubahatisha. Nimeudhika sana, na aliyetamka neno hilo anapaswa kumwomba radhi mwenzetu.

Hebu tuongelee bando. Ukitazama somo moja kwa moja mtandaoni, umelipia. Mwanafunzi hajaelewa, unarudia, MB zilezile unazilipia tena. Mwakani linakuja darasa jingine, unalipia upya. Mwenye Wi-Fi ya ofisini hauoni mzigo huu, ila mwalimu anayejinunulia bando kwa mshahara wake anaubeba kila wiki. Video ikishakaa kwenye kompyuta, imelipiwa mara moja, basi.

Programu ya kupakulia video hizo ni yt-dlp, ya bure kabisa. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika yt-dlp, unabandika linki, unabonyeza Enter, asilimia zinaanza kupanda. Ukiongeza -S res:480 inakuchukulia picha ya ubora wa 480, ambayo kwa projekta ya darasani inatosha. Mara nyingi picha na sauti huja mbalimbali, ffmpeg, programu nyingine ya bure, ndiyo inayoziunganisha. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. Kwa hilo tu naipenda.

Oktoba 2020, RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, kililalamika kuhusu hakimiliki hadi GitHub, tovuti ambako watengeneza programu huweka kazi zao, ikaiondoa youtube-dl, programu iliyoizaa yt-dlp. Mawakili wa EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, wakaitetea, Novemba ikarudishwa, na GitHub ikatenga dola milioni 1 kuwatetea watengeneza programu dhidi ya madai ya aina hiyo.

Ni kweli, masharti ya YouTube yanakataza kupakua bila ruhusa. Na anayepakua nyimbo za watu akaziuza mtaani simtetei hata kidogo. Lakini zipo video ambazo wenyewe wameziweka chini ya leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kutumia na kugawa kazi ya mtu kwa masharti yake, ili zisambae, na leseni huandikwa kwenye maelezo chini ya video.

Nanyi mnaorekodi masomo kwa ajili ya watoto wetu, chagueni leseni hiyo mnapopakia video. Andikeni waziwazi kwamba walimu wanaruhusiwa kuzipakua na kuzigawa.