Asilimia 80 kwa Lazima: Kavareji Inalinda Nini Hasa?

Mhandisi mpya akiajiriwa katika kampuni ya programu hapa Nairobi, iwe Westlands au kando ya Ngong Road, hakawii kukutana na alama nyekundu inayomwambia kwamba kazi yake haipiti. Programu inafanya kazi na majaribio yote yamefaulu. Kilichopungua ni asilimia: kavareji imekwama kwenye 79.4, na kampuni imeweka kiwango cha chini cha 80. Anarudi mezani, mara nyingi bila kuelezwa namba hiyo ilitoka wapi.

Kavareji yenyewe ni hesabu rahisi. Majaribio ya otomatiki, yaani programu ndogo zinazokagua programu yenyewe, yanapoendeshwa, kifaa kama JaCoCo kwa lugha ya Java au pytest-cov kwa Python hurekodi mistari ya msimbo (maagizo yanayounda programu) iliyopitiwa na ile ambayo haikuguswa, kisha hutoa asilimia. Vingine huhesabu pia matawi, yaani kama kila sharti limejaribiwa likiwa kweli na likiwa si kweli. Kulazimisha ni kuuagiza mfumo ukatae msimbo wowote unaoishusha asilimia chini ya mpaka uliowekwa. Ugomvi uko hapo tu. Hakuna anayepinga kupima.

Wanaotetea lazima hiyo wana hoja nzito, na kwa Nairobi mfano wake uko mfukoni mwa kila mtu. Chukua malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu za wengine na M-Pesa. Duka la mtandaoni linatuma ombi, simu ya mteja inaleta kisanduku cha PIN, kisha jibu linarudi kwenye seva na namba ya matokeo: 0 pesa zikiingia, 1 salio lisipotosha, 1032 mteja akighairi, 1037 simu isipopatikana. Aliyeandika msimbo anaujaribu kwa simu yake mwenyewe, shilingi moja moja, na kila mara anaweka PIN. Nani anajighairia malipo saa kumi na moja jioni, anapotaka kuwahi matatu? Njia ya 0 inapitiwa asubuhi hadi jioni, ya 1032 haiguswi kamwe, mpaka siku mteja wa kweli anabonyeza kughairi na oda yake inabaki ikining'inia, bidhaa imezuiwa kwa jina lake na mwenye duka hajui la kufanya. Ripoti ya kavareji ingeipaka mistari hiyo rangi nyekundu mapema. Lakini bila lazima hakuna anayeifungua ripoti hiyo. Tarehe ya kukabidhi kazi ikikaribia, majaribio ndiyo ya kwanza kukatwa, na anayebisha hajawahi kufanya kazi na mteja mwenye haraka.

Hata wakubwa wamewahi kuumbuka. Februari 2014 Apple ilirekebisha kasoro katika msimbo wa usalama wa mawasiliano wa iPhone na Mac. Mstari mmoja, goto fail, ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo, na ule wa pili uliufanya mfumo uruke hatua ya kuhakiki sahihi ya seva. Mistari iliyofuata haikuweza kufikiwa kwa njia yoyote. Ungeandika majaribio elfu, bado ingebaki nyekundu, na kwenye timu yenye kizingiti cha kavareji kwa mistari mipya lazima mtu angeuliza kulikoni.

Sasa geuza upande. Tuseme una funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, ya kukagua namba ya simu: iwe na tarakimu kumi na ianze na 07, ndipo sifuri iondolewe na 254 iwekwe mahali pake. Unaandika majaribio matatu: la namba sahihi, la namba fupi inayokataliwa, na la namba ya tarakimu kumi inayoanza na 02, nayo inakataliwa. Kila mstari umepitiwa, matawi yote yamepitiwa, kavareji ni asilimia 100. Halafu 2019 namba zinazoanza na 01 zinaingia sokoni, na mteja mwenye laini mpya anaambiwa namba yake si halali. Ripoti bado inasoma 100. Kavareji hupima msimbo ulioandikwa. Sharti ambalo hukulifikiria halina mstari, kwa hiyo halina chochote cha kupakwa nyekundu.

Na hata kwa mistari iliyopo, kupitiwa si kukaguliwa. Hapa ndipo lazima inapozaa tabia mbovu. Ijumaa jioni, kijana anamgeukia kiongozi wake: "Bosi, imekataa tena." Jibu analijua kabla halijatoka: "Weka jaribio lolote, bora ipite." Basi anaandika jaribio linaloiita funksheni bila kuuliza ilirudisha nini. Ni sawa na askari wa usiku anayetia sahihi kitabu cha zamu bila kuzunguka ua. Asilimia inapanda, lango linafunguka, na timu imebaki na jaribio ambalo haliwezi kufeli hata hesabu ikiharibika. Mbaya zaidi, mstari huo sasa ni wa kijani, kwa hiyo hakuna atakayeutazama tena. Afadhali ungebaki mwekundu.

Hesabu yenyewe ina vituko vyake. Mradi wa mistari 1,000 ambao 800 imepitiwa uko kwenye 80 kamili. Mtu akaona mistari 100 ya zamani, yenye majaribio mazuri, haitumiki tena, akaifuta. Zimebaki 900 na zilizopitiwa ni 700: asilimia 77.8. Amesafisha msimbo, mfumo unamkataa. Aliyejaza mistari mirefu ya kupitisha data huku na kule, isiyo na hatari yoyote, anapandisha asilimia na kusifiwa kikaoni.

Utafiti nao umetia maji kwenye mvinyo wa namba hizi. Mwaka 2014 Laura Inozemtseva na Reid Holmes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitengeneza mikusanyiko 31,000 ya majaribio kwa programu tano kubwa za Java. Walipoondoa athari ya wingi wa majaribio, uhusiano kati ya kavareji na uwezo wa kunasa kasoro ulikuwa wa chini hadi wa wastani. Ukiwa na majaribio mengi utakuwa na kavareji kubwa na utanasa kasoro nyingi, lakini sifa nyingi si za kavareji yenyewe.

Mtu atanijibu kwa mfano wa ndege. Kweli, DO-178C, kiwango cha usalama wa programu za ndege, kinadai, kwa programu ambayo ikifeli ndege inaweza kuanguka, kwamba kila sharti lionyeshwe likibadilisha uamuzi peke yake. Huko hakuna mzaha wa 80. Lakini tazama utaratibu. Majaribio huandikwa kutokana na mahitaji yaliyoainishwa, yaani ndege inatakiwa kufanya nini, kisha kavareji hutumika kuuliza kwa nini mstari fulani haukufikiwa: je, hitaji limesahaulika, jaribio limepungua, au msimbo huo hauna kazi? Sisi tunaanzia mwisho. Tunausoma mstari mwekundu na kuutungia jaribio la kuufikia.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu akili unde ianze kuandika majaribio. Siku hizi kupanda kutoka 40 hadi 90 ni kazi ya alasiri moja. Ipe ile funksheni ya namba ya simu uiombe majaribio, na kwa kuwa inasoma msimbo ulioko mbele yake, kuna hatari ikuandikie jaribio linalothibitisha kwamba namba ya 01 inakataliwa. Kosa limepata mlinzi. Atakayelirekebisha atakuta jaribio linamfelisha na huenda akadhani yeye ndiye mwenye makosa.

Pamoja na hayo yote, mimi si wa kung'oa lango. Timu isiyo na kizingiti chochote nimeona inakoishia: majaribio machache yaliyoandikwa mwezi wa kwanza, baadaye kimya. Ninachokataa ni namba moja juu ya mradi mzima. Ile 80 maarufu ndiyo SonarQube, kifaa cha kukagua ubora wa msimbo, inayokuja nayo, na yenyewe inahusu msimbo mpya. Kampuni nyingi zimechukua namba zikaacha sharti. Google nayo, katika mwongozo iliouchapisha 2020, ilitaja 60 kuwa inakubalika, 75 ya kupongezwa na 90 ya mfano, na kusema wazi hakuna namba moja inayofaa kila mradi.

Kwa hiyo lazima iwekwe kwenye mistari iliyoguswa leo. Mfumo wa sacco wenye miaka kumi na kavareji ya 15 hauwezi kuamrishwa ufike 80 kufikia Desemba. Utapata majaribio ya danganya toto. Uamrishe usishuke, na kila anayegusa sehemu aiache na majaribio. Sehemu inayohesabu riba na kupokea pesa ipewe mpaka wake wa juu, ikiwezekana na majaribio ya kugeuza msimbo, ambapo kifaa kama PIT hubadilisha alama ya "zaidi ya" kuwa "zaidi ya au sawa na" makusudi ili kuona kama kuna jaribio litakalopiga kelele. Ni ya polepole, na dakika za seva tunazilipia kwa dola, ndiyo maana nasema sehemu hiyo tu.

Linabaki swali ambalo sera nyingi hulikwepa: nani ana ufunguo wa kulipita lango? Malipo yakikwama usiku wa mwisho wa mwezi, hakuna meneja atakayesubiri asilimia. Nionavyo, kiongozi wa zamu apewe ruhusa hiyo, jina lake na sababu viandikwe, na jaribio la kasoro ile ile liingie kabla ya kazi nyingine yoyote kesho yake asubuhi. Kampuni ambayo haijaamua hivyo itamkuta mtu amezima kizingiti saa nane za usiku, na miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka kukiwasha.