Fito nane na udongo wake: nani hasa anajenga tundu la sumu ya anemoni?

Anemoni wa bahari, mnyama laini anayejishikiza mwambani, ana sumu za protini ziitwazo aktinoporini, ambazo hukusanyika na kutoboa tundu kwenye utando wa seli. Ukiwauliza wanaozifuatilia tundu hilo lina protini ngapi, wengi watakujibu papo hapo: nane. Jibu hilo lilishika mizizi mwaka 2015, watafiti José Caaveiro, Kouhei Tsumoto na wenzao walipochapisha katika Nature Communications picha ya fuwele ya fragaseatoksini C, au FraC kwa kifupi, sumu ya anemoni aitwaye Actinia fragacea. Picha hiyo ilionyesha protini nane zimekaa duara, kila moja imenyoosha ule mguu unaochomekwa ndani ya utando wa seli. Tangu hapo imekuwa kawaida kusikia kwamba mjadala umefungwa: tundu ni kazi ya protini, na lipidi, yaani mafuta yanayounda utando, ni ukuta tu uliotobolewa.

Mimi naona waliofunga mjadala walihesabu fito, yaani protini, wakasahau udongo, yaani lipidi.

Kwanza tuelewane ni sumu gani. Anemoni mmoja hubeba sumu za aina nyingi. Stichodactyla helianthus wa Karibiani, ambaye ndugu zake wa jenasi hiyohiyo wanaishi kwenye miamba yetu ya matumbawe na kuwahifadhi samaki wadogo wenye mistari, ana kipeptidi (protini fupi) cha ShK kinachoziba njia za potasiamu za seli. Hicho hakitoboi kitu. Aktinoporini ni jamii nyingine: stikolisini za huyo wa Karibiani, ekwinatoksini II ya Actinia equina, na FraC yenyewe. Ni protini ndogo, za kilodaltoni 20 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli), zinayeyuka majini bila shida, na ajabu yake ni kwamba kitu kinachoyeyuka majini kinaweza kugeuka kikakaa ndani ya mafuta.

Tangu mwaka 1976 tunajua kwamba mafuta hayo hayakamatwi ovyo. Watafiti Bernheimer na Avigad walionyesha kwamba sumu ya Stichodactyla, enzi hizo akiitwa Stoichactis, hushikamana na lipidi moja hasa, sfingomaielini. Ndiyo maana damu ya kondoo imependwa sana kwa majaribio haya: karibu nusu ya fosfolipidi (lipidi kuu za utando) za chembe zake nyekundu ni sfingomaielini, wakati kwa binadamu ni kama robo. Anayepima ukali wa sumu kwa damu ya kondoo anapima na ukarimu wa utando wa kondoo pia.

Sasa turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyozaa ugomvi wote. Kwa miaka mingi namba iliyokubalika ilikuwa nne, wakati mwingine tatu. Ilitokana na kasi ya uvujaji wa vipovu vya lipidi, yaani vifuko vidogo vya utando vinavyotengenezwa maabara, na kuunganisha protini kwa kemikali. Na nne ilileta tatizo zuri. Mguu wa aktinoporini, yaani zile amino asidi 30 hivi za mwanzo, hujikunja kuwa heliksi, msokoto kama springi, yenye unene wa nanomita moja. Sogeza heliksi nne zigusane, utabaki na upenyo ambao hata sukari ndogo itapita kwa kujibana. Lakini vipimo vilionyesha vitu vikubwa zaidi vikipita, tundu likikadiriwa kuwa na kipenyo cha nanomita 2 hivi. Basi nafasi kati ya heliksi na heliksi imezibwa na nini? Na lipidi zenyewe, wakajibu watafiti wa Havana, Ljubljana na Trento: utando unajipinda, tabaka la nje linakutana na la ndani, na vichwa vya lipidi vinakuwa sehemu ya ukuta wa tundu. Kama nyumba ya kukandika. Fito zinasimama, udongo unajaza, na mvua haiingii kwa sababu ya vyote viwili.

Hawakusema hivyo kwa hesabu ya heliksi peke yake. Kama tabaka mbili zimeungana pale tunduni, lipidi inapaswa kuweza kutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kweli sumu ilipotoboa vipovu, lipidi zilionekana zikivuka. Ukiongeza lipidi zenye chaji hasi, kiwango cha tundu kupendelea aina fulani ya ioni (chembe zenye chaji) kinabadilika. Mfereji wa protini tupu usingejali sana chaji ya jirani. Mwaka 2003 Gregor Anderluh na wenzake walionyesha pia kwamba ekwinatoksini II huzivuruga lipidi kutoka mpangilio wa tabaka bapa.

Kisha zikaja picha. Mwaka 2011 fuwele moja ya FraC ilionyesha duara la protini tisa, na mwaka 2015 ikaja hii ya nane. Kwa heliksi nane tundu linapatikana bila kuomba msaada wa mafuta. Upande wa protini ukashangilia, na sioni vibaya. Hoja yao ina nguvu. Nguvu zaidi, kwa maoni yangu, imetoka kwa wahandisi wa matundu-nano, yaani matundu madogo mno ya kupimia molekuli, wa kundi la Giovanni Maglia kule Groningen, Uholanzi. Wao waliikusanya FraC juu ya vipovu vyenye sfingomaielini, wakaitoa kwa sabuni, kisha wakaipandikiza kwenye utando usio na sfingomaielini hata chembe. Tundu linafunguka na kupitisha mkondo wa umeme, imara kiasi cha kusomea DNA. Kama lipidi ile ni sehemu ya nyumba, nyumba imehamaje bila udongo wake? Sijaona mtetezi wa lipidi anayelijibu swali hili kwa sentensi moja, na anayejaribu huwa anakwepa.

Lakini hebu isome ile kazi ya 2015 mwenyewe, kuanzia kichwa chake. Kinasema tundu limezungushiwa protini na lipidi. Katikati ya kila protini na jirani yake kuna kidirisha, na ndani ya kidirisha imekaa lipidi, imeelekea moja kwa moja kwenye njia ya maji. Lipidi nyingine zimejibana ubavuni mwa protini kama komeo mlangoni. Picha iliyotumiwa kuzika wazo la ukuta wa mchanganyiko ndiyo hiyohiyo iliyolionyesha kwa macho. Kilichokufa ni ile namba nne na ule mpindo mkubwa wa utando uliochorwa vitabuni. Wazo la kwamba lipidi inashiriki kujenga halikuguswa.

Ndani ya kambi ya lipidi kuna ugomvi mwingine nitakaoupitia haraka. Wapo wanaoiona sfingomaielini kama kufuli, na sumu kama ufunguo. Wapo wanaosema kinachohesabika ni hali ya utando: umeganda kiasi gani, una kolesteroli kiasi gani, kuna mipaka kati ya sehemu ngumu na laini au hakuna. Hawa wa pili wana ushahidi mgumu kupuuza, kwani stikolisini hutoboa hata utando wa fosfatidilikolini (lipidi nyingine ya kawaida) na kolesteroli usio na sfingomaielini, ingawa kwa uvivu. Sidhani inabidi kuchagua. Kushika ni kazi moja, kuzama ni nyingine.

Na lile swali la nyumba iliyohama? Wahandisi walewale wametoa vidokezo viwili. Walipobadilisha amino asidi moja ya FraC, asidi ya aspatiki nambari 10, kuwa ajinini ili tundu lipende DNA, FraC ilikataa kuingia kwenye utando usio na sfingomaielini, ikabidi wabadilishe na amino asidi nyingine, lisini nambari 159, ndipo ikakubali. Yaani uhamaji ule una masharti, na mabadiliko madogo tu ya protini yanatosha kuuvunja.

Kidokezo cha pili ni cha 2019, nacho kinarudi kwenye hesabu. FraC haikukaa kwenye nane: walipata matundu ya protini saba na ya sita, madogo zaidi, yanayofaa kupimia uzito wa vipeptidi. Njia mojawapo ya kuyapata kwa wingi ilikuwa kuondoa amino asidi mbili za triptofani, nambari 112 na 116, na kuweka serini mahali pake. Triptofani hizo haziko pale protini inaposhikana na jirani yake. Ziko pale inaposhika lipidi.