Acheni Kusingizia Mtandao wa Mteja

Mwenye biashara akilalamika kwamba tovuti yake inachelewa kufunguka, jibu analopewa na aliyeitengeneza linanichefua: "Mtandao wa mteja ndio uko chini." Anayejibu hivyo yuko ofisini kwenye faiba, na tovuti ameifungua mara nyingi mno kiasi kwamba picha zote zimeshatunzwa kwenye kivinjari chake. Kwake inafunguka fasta. Mteja yuko Mbagala na Tecno yake, bando la wiki liko ukingoni, na alitaka bei ya kabati tu.

Haya, mtandao wetu una siku zake. Mei 2024, kebo za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hata tovuti nyepesi zilikwama. Lakini ukurasa wa megabaiti 8 haukukatwa na bahari. Kuna mtu aliutengeneza hivyo, akalipwa.

Tupige hesabu. PageSpeed Insights, kipimo cha bure cha Google, huigiza simu ya kawaida kwenye 4G ya taratibu, megabiti 1.6 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabaiti 8 ni megabiti 64. Gawanya: sekunde 40. Google wanataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini, kipimo wanachokiita LCP, kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ndani ya sekunde 40 mteja ameshahamia Instagram, amemuuliza bei muuzaji mwingine, ameambiwa "njoo inboksi", na bado amehudumiwa haraka kuliko kwako.

Uzito unatoka wapi? Picha, karibu kila mara. Inapokelewa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, MB 4, inapandishwa hivyohivyo, halafu ukurasa unaionyesha kwa upana wa pikseli 360. Kuionyesha ndogo hakuokoi bando hata kidogo: simu inashusha faili lote, kisha inahangaika kulipunguza yenyewe. Punguza upana hadi pikseli 1200 kabla ya kupandisha, uihifadhi kwa WebP, muundo wa picha wenye faili jepesi, ubora 75 hadi 80. Squoosh inafanya hivyo bure ndani ya kivinjari, na mara nyingi MB 4 zinashuka chini ya KB 200. Tumia `srcset`, sehemu ya HTML inayoorodhesha matoleo ya picha moja, ili simu ndogo ipewe toleo dogo. Andika `width` na `height` (upana na urefu wa picha) kwenye msimbo wa ukurasa, la sivyo picha ikitua maandishi yanaruka, na kidole kilichokuwa kinaenda kwenye "Nunua" kinabonyeza kitu kingine.

Picha za chini ya ukurasa zipe `loading="lazy"`, yaani zisishushwe mpaka mteja azikaribie. Za chini, jamani! Watu wanaibandika hata kwenye picha kubwa ya juu, ile ile inayopimwa kwa LCP. Hapo kivinjari kinasubiri kwanza kijue mpangilio wa ukurasa ndipo kiiombe picha, na mwenye tovuti anashangaa mbona "tumeboresha" na hali imezidi kuwa mbaya.

Na zile picha tano zinazopishana juu: nani amewahi kuisubiri ya nne?

Seva nayo. Unauza Dodoma, seva iko Marekani. Simu na seva zinapigiana hodi kuvuka bahari mara kadhaa kabla herufi ya kwanza haijafika. Cloudflare, huduma inayotunza nakala za mafaili ya tovuti karibu na mteja, hata ya bure, ina vituo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, ila kwa mpangilio wa kawaida inatunza mafaili kama picha, CSS (mwonekano) na JavaScript (vitendo vya ukurasa) tu. Ukurasa wenyewe bado unasafiri.

Plagini ya kitufe cha WhatsApp, nyongeza inayozidisha uzito, ifute. Kiungo cha wa.me chenye namba yako kinatosha.

Nakubali shingo upande: kama wateja wako wote wanakuja kwa WhatsApp na wanalipa, pengine tovuti huihitaji kabisa. Lakini kama umeilipia, ipime kabla hujamaliza malipo. Chukua simu ambayo haijawahi kuifungua, zima Wi-Fi, tumia bando la kawaida. Kisha mwombe aliyeitengeneza matokeo ya PageSpeed. Ukitumiwa picha ya skrini yenye alama 98, angalia vizuri: mara nyingi hizo ni za kompyuta. Dai za simu, ndipo mzungumzie salio.