Neva za Mkono Zikikatika: Kusubiri au Kupasua?

Mtu anayerushwa na pikipiki akaangukia bega, huku shingo ikivutwa upande wa pili, anaweza kuumia mizizi mitano ya neva inayotoka shingoni kwenda mkononi: ikanyooshwa kupita kiasi, ikachanika, au ikang'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Vidonda hufunga na mifupa huunga, lakini mkono hubaki ukining'inia. Je, neva ziachwe zijiponye, au mgonjwa apasuliwe mapema?

Wanaoshauri subira wana hoja nzito. Neva iliyopata mshtuko bila kukatika huamka yenyewe ndani ya wiki au miezi michache, na hakuna mshono unaoweza kuishinda neva iliyojiponya. Isitoshe, kipande cha kuungia pengo la neva iliyokatika mara nyingi hutolewa kwenye neva ya ngozi iliyo nyuma ya mguu, na sehemu ya unyayo hubaki na ganzi. Tena kipimo cha umeme wa misuli kikifanywa siku za kwanza kinaweza kupotosha, kwa sababu dalili za msuli uliopoteza neva yake huchukua takriban wiki 3 kuonekana.

Hata hivyo, muda haumsubiri mgonjwa. Neva iliyokatika huota kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, ilhali msuli uliokosa neva kwa miezi 12 hadi 18 hunyauka na kupoteza uwezo wa kuipokea tena. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni zaidi ya sentimita 60, yaani zaidi ya siku 600. Ndiyo maana misuli midogo ya vidole vya mtu mzima ni nadra kufufuka, hata mshono uwe mzuri namna gani. Wapasuaji wengi kwa hiyo hulenga kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Mzizi uliong'oka kabisa kwenye uti wa mgongo hauna cha kusubiriwa.

Mbinu ya kuhamisha neva imeubadilisha mjadala huu. Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Ufaransa na wenzake walieleza jinsi ya kuazima nyuzi chache za neva ya alna, ile inayopita upande wa kidole kidogo cha mkono, na kuziunga kwenye tawi la baisepsi, msuli unaokunja kiwiko. Daktari huzigusa nyuzi hizo kwa umeme hafifu, moja baada ya nyingine; huchukua zile zinazokunja kifundo cha mkono na kuziacha zinazotikisa vidole. Safari ya neva inabaki sentimita chache tu. Mwanzoni mgonjwa hulazimika kukaza kifundo ili kiwiko kikunjike, mpaka ubongo ujifunze njia mpya. Kwa maoni yangu mbinu hii inazisaidia pande zote mbili: inatoa matokeo ambayo zamani hayakutarajiwa, na kwa kuwa umbali ni mfupi, inaongeza miezi kadhaa ya kuvumilia. Lakini haimfai kila mtu, kwani mizizi ya chini, inayounda neva ya alna, ikiwa nayo imeharibika, neva hiyo haina cha kuazimisha.

Ninachokipinga kwa dhati ni subira isiyo na tarehe. Mgonjwa anayeambiwa arudi nyumbani aangalie hali kwa mwaka mzima amenyimwa uamuzi wenyewe, kwa maana atakapofika kwa mtaalamu misuli itakuwa imekwisha. Kumwona mtaalamu wa neva ndani ya wiki chache si kukubali kisu; ni kuanza kupimwa kila mwezi, na baisepsi isipoonyesha uhai wowote kufikia mwezi wa 3 au wa 4, hoja ya kusubiri inakuwa imepoteza msingi wake. Katika miezi hiyo yote bega, kiwiko na vidole vinyooshwe na kukunjwa kila siku kwa msaada wa mkono wa pili usioumia, kwa sababu neva inaweza kufika salama kwenye msuli na kukuta kiungo kimekwisha kukakamaa.